Chozi na Kipepeo Mlangoni Kwangu

Ukipita kwangu asubuhi, usishangae kumkuta ndege mdogo anapigana na mlango wangu. Wapita njia husimama, watalii hupiga picha. Mimi hutoka na kikombe changu cha chai nikawaambia: mlango huo ndio wa mwisho aliouchonga Fundi, na ugomvi wa ndege huyo ulianza zamani, nyumba yenyewe haijaezekwa.

Fundi alizaliwa wapi, babu yake nani, walitoka bara au Arabuni, hayo sitayaeleza. Kwanza siyajui vizuri. Pili mwenyewe alikuwa hayataki. Mtu akimuuliza, "Fundi, asili yako wapi?" alijibu, "Asili yangu mfenesi," akaendelea kugonga patasi. Basi na mimi naanzia hapo hapo, kwenye mfenesi, maana mbao za mfenesi ndizo zilizotukutanisha.

Mimi sikusoma, nalisema wazi wala sioni haya. Kalamu ilinishinda mapema, mabega yakanikubali. Nilianza Malindi, bandari ya hapa kisiwani, nikishusha mizigo na kuivuta kwa gari la mkono. Leo nina duka la mbao Ng'ambo, nina malori, nina nyumba ya ghorofa ambayo hakuna tofali lake nisilolijua. Wapo waliosoma mpaka miwani ikawa mizito, na wakitaka kupaua wanakuja kuniuliza mimi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba mtu kama mimi hababaishwi ovyo, na Fundi alinibabaisha miaka yote niliyomjua.

Siku ya kwanza nilimpelekea mzigo wa mbao, kijana mimi, nguvu zimenijaa, naingia karakana yake kwa mluzi. Aliinuka kwenye mkeka, akaiinamia ile mbao ya juu, akainusa.

"Rudisha," alisema.

"Ina nini, Fundi?"

"Mti huu ulikatwa ukiwa na hasira. Nikiuchonga mlango, mwenye nyumba na mkewe hawatosikilizana."

Nikairudisha, jua la saa sita, natukana njia nzima. Nilipomletea nyingine akainusa tena, akasema, "Haidhuru." Nikadhani ananidharau. Baadaye ndipo nikajua kwamba kwa Fundi hakukuwa na sifa inayopita hiyo. Kazi ikiwa mbaya alisema "Toa." Ikiwa ya kawaida alinyamaza. Ikiwa ya kumfanya mtu alie kwa uzuri, alisema "Haidhuru." Neno "nzuri" hakupata kulitamka juu ya kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu. Hata pilau ya harusi aliisifu kwa haidhuru. Mafundi aliowafundisha, wengine sasa wana wajukuu, walikuwa wakipata haidhuru moja wanakwenda kuisimulia nyumbani.

Alichonga akiwa ameketi chini, mbao ameibana kwa unyayo, maranda yakimlundikia mapajani kama paka. Alikuwa na pumu, na vumbi lilimzidishia, na akikatazwa na daktari alisema, "Daktari naye amwambie samaki asiloe." Nakshi hakuichora kwenye karatasi. Alichukua kipande cha mkaa, akafumba macho, akaipapasa mbao, kisha akachora mara moja tu. Maua ya Fundi, bwana wee! Ungeyaona ungetafuta pa kumwagia maji.

Sasa usije ukadhani alikuwa walii. Alikuwa na mambo yake. Alisema sifa zinaoza mikono, lakini kila baada ya sala ya alasiri alivaa kanzu safi akavuka kwenda Mji Mkongwe, akasimama karibu na mlango wake mmoja, mikono nyuma, akijifanya anasubiri mtu. Mtalii akija akasimama, akatoa simu apige picha, Fundi alikohoa. Akikohoa mara ya pili, mtembeza watalii alijua la kufanya: "Huyu hapa ndiye aliyeuchonga." Fundi alishtuka kama kasingiziwa wizi. "Mimi? Ah! Kitu gani!" Na hapo hapo akajiweka sawa apigwe picha.

Alisema hapendi kelele, na taarabu aliimba yeye mpaka majirani wakafunga madirisha. Alisema sukari ni adui, na halua alikuwa ameificha kwenye kopo la misumari. Mimi hayo yote nayajua kwa sababu halua niliila mimi.

Lakini kilichomfanya Fundi awe Fundi ni kipepeo.

Unajua desturi ya mafundi wetu wa milango. Maua sawa, mizabibu sawa, minyororo sawa, maandishi sawa. Kiumbe chenye roho, mafundi wengi wanakiepuka. Fundi alikuwa mkali kuliko wote. "Chenye uso hakikai mlangoni kwangu," alisema. "Siku ya Kiyama nitaambiwa, umemchonga, haya mpe roho. Nitampulizia kwa pumzi ipi? Hii hii ya pumu?"

Na bado, kila mlango wake ulikuwa na kipepeo. Chini, kwenye mwimo wa kulia, ile nguzo ya pembeni ya mlango, usawa wa mkono wa mtoto, kati ya maua. Mbawa mbili zimekunjuka, katikati kijiti, kichwa hana. Ndiyo ilikuwa saini yake. Watoto wakipita walimgusa, mpaka milango ya zamani kipepeo amekuwa laini anang'aa kama mbegu ya ukwaju. Mafundi wenzake walimsema.

"Fundi, mbona wewe unachonga mdudu?"

"Mdudu gani? Huyo ni ua lililopewa ruhusa ya kutembea."

"Ana roho huyo."

"Ana sauti? Ana damu nyekundu? Umemwona uso? Basi niache nifanye kazi."

Hakuna aliyemshinda. Na kutokea hapo akawa na hesabu yake ya watu. Kila mtu alikuwa ama kipepeo, ama chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, kifua kinang'aa kijani, anayenyonya maua. "Wote wawili wanakunywa kwenye ua moja," alisema. "Mtazame mtu anavyokunywa, utamjua." Muuza urojo wa kona yetu: kipepeo. Kinyozi: chozi. Muadhini wa msikiti wa jirani: chozi, lakini chozi wa kheri. Yeye mwenyewe alijitia kipepeo, habari za kukohoa mbele ya watalii akiziruka. Na mimi nilikuwa chozi tangu siku ile niliyoingia kwa mluzi. Hakuniita jina langu tena. Ng'ambo nzima ikaniita Chozi, na mimi nikalipenda, kwa sababu chozi ni ndege wa kujitafutia.

Tulibishana hilo miaka. Naweza kukupa ubishi wetu neno kwa neno.

"Chozi," anasema Fundi, "anakuja kwenye ua kama askari wa manispaa. Piga kelele, mtaa wote ujue. Akimwona mwenzake, vita. Ua likiwa refu mdomo usifike, anafanyaje? Anatoboa pembeni. Anaingia kwa dirisha! Kipepeo anakuja kimya, anatua kwa miguu kama anayebisha hodi, anakunywa, anakwenda zake. Ua halina hata habari."

"Na nyumba je?" namwambia. "Chozi anajenga. Anatundika kiota kwenye kitawi, anakisokota kwa majani makavu na utando wa buibui, na juu ya mlango anaweka kibaraza mvua isiingie. Kipepeo wako ana nini? Mvua ikinyesha anajibanza chini ya jani kama mtu aliyekwenda harusini hakualikwa."

"Wewe umezidi nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye anayetaka mlango, Fundi. Na mlango ndio unaokulisha."

Alivuta patasi nyingine, akajitia hiyo ya kwanza imepungua makali.

Siku moja niliegesha gari nje ya karakana, mara tukasikia tk tk tk. Chozi dume ameng'ang'ania kioo cha ubavuni, anajipiga mwenyewe. Anarudi nyuma, anajitutumua, anarudi tena. Fundi alicheka mpaka pumu ikamshika, ikabidi nimshike mgongo.

"Njoo... njoo umwone ndugu yako... anapigana na ndugu yako!"

Basi nilipojenga nyumba yangu, na binti yangu mkubwa alipoposwa, nilijua nataka nini. Nilitaka bwana harusi na jamaa zake, watu wa kujiweza wale, waingie kwangu kwa mlango wa Fundi. Na nilitaka juu yake, kwenye kizingiti cha juu, katikati, akae chozi, mbawa wazi, mdomo ndani ya ua. Nani hajui kwamba Chozi ni mimi? Nilitaka mtu akifika asiulize nyumba ya nani.

Na kulikuwa na jambo la pili. Macho ya Fundi yalikwishaanza kuingia ukungu. Alisema mwenyewe, "Mmoja tu umebaki. Nikimaliza huo natundika patasi." Watu wakubwa wakubwa walimfuata, mwenye hoteli, mwenye meli, kila mmoja anautaka ule wa mwisho. Akanipa mimi. Hakusema kwa nini. Alisema tu, "Mbao zako zimepungua hasira siku hizi."

Lakini kumchonga chozi akakataa.

"Maua utapata. Kipepeo utapata. Mwenye uso hupati."

"Basi mlango siuchukui."

"Usichukue. Miguu yako hiyo hapo."

Hakuna aliyeondoka. Akaanza kazi. Miimo ikajaa maua, mbavu za mlango zikajaa mizabibu, mfaa, ule ubao wa katikati zinapokutana mbao mbili za mlango, akausokota kama kamba. Kizingiti cha juu kikabaki kitupu, cheupe. Yeye anasema kipepeo, mimi nasema chozi, na siku ya nikahi inakaribia. Mke wangu akachoka. "Mtoto ataolewa, wajukuu watazaliwa, nyinyi bado mnagombania ndege!"

Ndipo nikapata akili. Kule Pete, karibu na msitu wa Jozani, wanakijiji wanafuga vipepeo, wamewawekea bustani ndani ya wavu. Nikasema nitampeleka Fundi, akamwone kipepeo wake kwa karibu, amjue kuwa ni mdudu kama wadudu wengine. Akishaona kwamba ni mdudu, atakuwa amekwishachonga wadudu maisha yake yote, sasa ndege mmoja atamshinda nini? Hiyo ndiyo akili ya mtu asiyesoma. Inazunguka, lakini inafika.

Alikubali kwa sababu nilimwambia njiani kuna mkate wa ufuta.

Alitupokea msichana wa pale Pete, mchangamfu, mtandio umekaa vizuri. "Shikamooni. Mnataka maelezo kwa Kiswahili au Kiingereza?"

"Marahaba," akasema Fundi. "Nnataka kipepeo."

Msichana akacheka, akatuingiza wavuni. Walikuwa wengi, wanaelea tu, na mmoja mweusi mwenye madoa ya manjano akatua kwenye kofia ya Fundi. Fundi akasimama wima kama anapigwa picha. Kisha msichana akatupeleka kwenye mndimu mdogo, akageuza jani.

"Babu, hiki nini?"

Fundi akasogeza uso. "Mavi ya ndege."

"Tazama vizuri."

Yale mavi yakatembea.

"Huyu kiwavi," akasema msichana. "Akiwa mdogo anajifanya kinyesi cha ndege, ndege asije akamla."

Wallahi sikuweza kujizuia. "Umesikia, Fundi? Kipepeo wako anaanza maisha kwa kujifanya mavi ya ndege wangu!"

Fundi alikuwa anatazama jani la pili, ambako kiwavi mkubwa, kijani, mnene, alikuwa anatafuna kama mtu wa futari. Msichana akamgusa kwa ncha ya kidole, kiwavi akachomoa vipembe vyekundu, harufu ikatoka.

"Huyu namjua!" akasema Fundi. "Huyu ndiye mwizi wa mndimu wangu. Nikimwona nampiga ndara."

"Babu, huyo ndiye kipepeo."

"Kipepeo gani?"

"Huyo uliye naye kofiani. Anakula majani, anashiba, anajining'iniza kwenye kijiti, anajifunga. Akitoka, ndiye huyo."

Fundi akazitazama ndara zake. Alizitazama muda mrefu, mimi cheko langu likanifia mdomoni. Miaka yote, kwa mkono mmoja anamchonga, kwa mkono mwingine anawaponda watoto wake.

Nikaona nichangamshe mambo. Nikamwambia msichana, "Bora chozi. Chozi anajenga nyumba, wanawe anawalea mwenyewe."

"Kweli, Baba," akasema kwa adabu. "Lakini anayejenga ni mke. Dume anakaa tawi la jirani, anaimba."

Hapo Fundi akapata pumzi. Akanigeukia taratibu. "Anaimba," akasema. "Tawi la jirani." Na mimi nikamkumbuka mke wangu alivyoamka alfajiri akikaanga maandazi ya kuuza, wakati ule mimi navuta gari la mkono, na maandazi yale yako ndani ya msingi wa nyumba hii kuliko saruji. Nilikohoa, nikauliza choo kiko wapi.

Niliporudi nilimkuta Fundi na kioo cha kukuzia mkononi, yule kipepeo mweusi ametua kidoleni pake, jicho lake lenye ukungu limekaribia mpaka kope zinagusa kioo. Ulimi wa kipepeo ulikuwa umejikunja kama springi ya saa. Na juu ya ulimi, macho. Makubwa, ya duara.

"Ana uso," akasema Fundi kwa sauti ndogo. "Astaghfirullah. Ananitazama."

Njiani mkate wa ufuta hakuugusa. Na mimi, niliyekwenda kule ili nishinde, nilijiona kama mtu aliyeshinda bao kwa kumwaga kete za mwenzake.

Kazi ikasimama. Fundi alichukua patasi moja, akaitia mfukoni mwa kanzu, akavuka kwenda Mji Mkongwe kuwabandua vipepeo wake wote. Mlango wa kwanza aliofika ni wa bibi mmoja mjane, mwenye kuuza mikufu ya shanga barazani. Mimi nilimfuata kwa mbali, namhofia na pumu yake. Nikamkuta amechuchumaa, patasi iko tayari, na yule bibi amesimama juu yake na ufagio wa makuti.

"Fundi, shikamoo kwanza, heshima yako naijua. Lakini mguse huyo kipepeo uone."

"Bi Mkubwa, nilikosea. Ana uso."

"Wangu hana. Wanangu wote walisimama dede kwa kumshika huyu. Inuka!"

Akainuka. Mlango wa pili hivyo hivyo, wa tatu wakamtolea kahawa wakamfichia patasi. Ikabidi nimpeleke kwa sheikh wa msikiti wetu, mtu mpole, mcheshi. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ulichonga kichwa?" akauliza.

"Sikuchonga. Nilikuwa sikijui."

"Basi umechonga mbawa. Mbawa bila kichwa ni jani. Fundi, wewe ujinga wako ndio uliokusitiri. Nenda kafanye kazi."

Alitoka pale uzito umemshuka. Lakini karakanani alikaa mbele ya kile kizingiti cheupe, mkaa mkononi, asiweze. Nikadhani bado anahofu. Nikamwambia, "Sheikh kakuruhusu mbawa. Haya chonga kipepeo. Chozi nimemwacha, wallahi nimemwacha." Nami nilikuwa nimemwacha kweli. Nikahi ilikuwa wiki ile inayokuja, nilitaka mlango tu.

Akatikisa kichwa. "Mkono umeshaona uso, Chozi. Nikichora mbawa, unataka kumalizia macho. Zamani nilikuwa simjui, ndiyo maana niliweza."

Sijapata kusikia neno kama hilo. Hilo si la shuleni.

Asubuhi iliyofuata nilikuta ametundika kanga mbele ya ile mbao, na sauti ya patasi nyuma yake. Nikakatazwa kuchungulia. Kanga ile haikuondoka mpaka kazi imekwisha. Maagizo yalikuja kupitia mke wangu, mimi hakunisemesha: misumari ya shaba ya mlango, ile yenye vichwa vikubwa, isuguliwe mpaka mtu ajione, isipakwe rangi. Kulia kwa mlango upandwe mshubiri, na uwe umekaribia kutoa maua. Kushoto uwekwe mndimu ndani ya chungu. Nikasema mzee kachanganyikiwa. Mke wangu akasema, "Wewe imba tawi la jirani, sisi tunajenga." Akapanda.

Mlango ukaletwa na lori langu mwenyewe, kizingiti kimefunikwa kwa ile kanga. Mafundi wakausimamisha, Fundi akaivuta ile kanga.

Kwenye kizingiti cha juu, katikati, palikuwa na ua moja. Refu, la koo jembamba. Lakini shingo yake imeinama upande, na petali moja imevutwa chini kidogo, ukingo wake umejikunja, kama kitu kilikuwa kimetua hapo sasa hivi. Ungesema bado linatikisika.

Nilisimama. Damu ya chozi ikanipanda.

"Fundi, chozi wangu yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Na kipepeo?"

"Naye."

"Nani kati yao aliyeliinamisha?"

"Hilo mgombanie wewe na wageni wako."

Na waligombana kweli. Siku ya nikahi jamaa za bwana harusi walisimama mlangoni wameinua shingo, huyu anasema ndege alikuwa hapa, huyu anasema upepo, mwingine mtoto kalivuta, mpaka kadhi akaomba apishwe. Nilikuwa nimenunua zulia, nimenunua taa za kuning'iniza, hakuna aliyeziona. Binti yangu aliolewa chini ya ua lenye shingo iliyoinama, na kila mtu mpaka leo anaulizia ua. Mimi huwajibu kama vile nilishauri mimi.

Fundi alitundika patasi kama alivyosema. Macho yakazidi ukungu. Sasa ameshatangulia, Mungu amrehemu, lakini asubuhi ninayotaka kukuacha nayo alikuwa hai, amevaa kanzu safi, amekuja kwangu kwa miguu, mkono mmoja unapapasa kuta. Ilikuwa baada ya mvua za vuli kidogo, mshubiri umetoa maua yake ya rangi ya moto.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Chozi. Nipe pa kukaa nisikie mji."

Nikamkalisha kwenye baraza ya jirani, kuuelekea mlango. Mke wangu akaleta chai ya tangawizi. Ghafla Fundi akainua kidole.

"Nani anagonga patasi kwangu?"

Nikasikiliza. Tk tk tk. Tk tk.

"Si patasi," nikamwambia. "Chozi. Dume. Amekunywa kwenye mshubiri, sasa anapigana na msumari wa shaba."

"Upi?"

"Wa juu, chini ya ua. Anajiona ndani yake."

Fundi alianza kucheka, polepole, anaogopa pumu. Na hapo ndipo nilipofahamu, mimi mwenye akili ya kuzunguka: shaba ile isipakwe rangi, mshubiri ule uwe kulia. Nilitaka chozi mlangoni, na chozi alikuwa mlangoni, na uso wake kampa mwenyewe aliyemuumba.

"Na upande wa mndimu?" akauliza.

"Viwavi. Wameula nusu nzima."

"Umewagusa?"

"Sijawagusa."

"Ndara zako?"

"Ziko miguuni, Fundi."

Akatikisa kichwa, akanywa chai. Ndege akarudi nyuma, akajitutumua, kijani ya kifua ikawaka juani, akarudi tena kwenye shaba. Tk tk tk. Fundi aligeuza sikio badala ya jicho, akasikiliza mpaka yule ndege alipochoka akaruka juu ya bati na kuanza kuimba. Kisha akasema, wala si kwa sauti kubwa:

"Mzuri."

Nikaweka kikombe chini. "Nani, Fundi? Nani mzuri?"

Fundi alinyoosha mkono aongezwe chai.

Sikumuuliza tena. Kama alikuwa anausema mlango, mlango ni wangu. Kama alikuwa anamsema ndege, basi ndege ni mimi. Alisema mwenyewe miaka yote, na mashahidi ni Ng'ambo nzima.